Proksi Huria Ielekee Wapi, na Nani Atabeba Mzigo?

Mkuu wa shule anataka proksi ya maabara izuie video za burudani lakini iache za masomo. Mhasibu anataka bili ya intaneti ishuke. Fundi aliyeiweka anataka mtambo usiozima katikati ya mtihani. Naye mtunzaji wa programu yenyewe, aliye bara jingine na asiyejua kama shule hiyo ipo, anataka kufuta sehemu ya msimbo iliyoandikwa miaka ya tisini kwa sababu waliobaki hawaielewi tena vizuri.

Kila mmoja wao ana sababu ya msingi, na hakuna toleo moja litakalowaridhisha wote wanne. Hapo ndipo kazi ya kupanga mwelekeo wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, inapoanza. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kuorodhesha vipengele vipya, kisha wataalamu wavijenge. Mimi naona swali zito ni jingine: tuache nini, na tukikiacha nani atabaki na mzigo? Kwa proksi za wavuti swali hilo limeulizwa tena na tena kwa karibu miaka 30, na majibu yake yamefika mpaka kwenye maabara za Dagoretti na saiba za River Road, hata kama huku hakuna aliyeulizwa.

Proksi ni programu inayokaa kati ya kivinjari na tovuti. Kivinjari kinaiomba ukurasa, yenyewe inakwenda kuuchukua, kisha inamkabidhi mwombaji. Ikikaa upande wa watumiaji, kama ile ya shule, inaitwa proksi ya mbele. Ikikaa upande wa tovuti, ikipokea maombi ya watu wote na kuyagawa kwa seva zilizo nyuma yake, inaitwa proksi ya nyuma. Msimbo wa aina hizi mbili unafanana sana, lakini wateja wake hawafanani hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa mengi yatakayofuata.

Squid ndiyo proksi ya mbele inayojulikana kuliko zote. Ilizaliwa mwaka 1996 kutoka kwenye mradi wa utafiti wa Marekani ulioitwa Harvest, ikiongozwa na Duane Wessels, kwa fedha za taasisi ya sayansi ya serikali ya huko. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhifadhi nakala. Mtu wa kwanza akifungua ukurasa, proksi inaweka nakala kwenye diski, na wa pili anapewa nakala hiyohiyo bila safari nyingine. Hapa Nairobi jambo hilo lilikuwa na thamani ambayo vijana wa leo ni vigumu kuifikiria. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijatia nanga Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilipitia setilaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa. Hata barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa mwingine ingeweza kupanda angani na kurudi, ndiyo maana watoa huduma walipambana kuanzisha kituo cha kubadilishana data cha KIXP, kikafunguliwa mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti, kikarudi mwaka 2002. Katika mazingira hayo, saiba yenye wateja 20 wanaosoma gazeti lilelile asubuhi ilikuwa inaokoa pesa halisi kila proksi ilipotoa nakala kutoka kwenye diski yake.

Mwelekeo wa Squid wakati ule haukuwa na utata: hifadhi zaidi, hifadhi vizuri zaidi. Mwaka 1997 ilichapishwa hata itifaki ya proksi kuulizana zenyewe kwa zenyewe nani ana nakala ya nini, ili jirani amsaidie jirani kabla ya mtu kuvuka bahari.

Kilichovuruga mpango huo ni usimbaji fiche, yaani kufunga data ili aliye katikati asiweze kuisoma. Mwisho wa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt lilianza kutoa bure vyeti vya HTTPS, ile njia ya wavuti iliyosimbwa, na Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika onyo kwenye kila tovuti isiyo na HTTPS. Athari yake unaiona ukifungua faili la kumbukumbu za Squid, linaloandika kila ombi lililopita. Zamani mistari ilikuwa hivi:

TCP_HIT/200 GET http://tovuti.mfano/picha.jpg

Maana yake: picha iliombwa, ilikuwemo kwenye diski, ikatolewa papo hapo. Leo fungua faili hilohilo na utakuta mistari ya namna hii, mmoja baada ya mwingine:

TCP_TUNNEL/200 CONNECT www.youtube.com:443

Hapo proksi imeombwa tu ifungue njia mpaka YouTube, kisha ikae kando. Ni kama askari wa geti la fleti anayeandika kwenye daftari nambari ya nyumba unayokwenda: mfuko wako hajaufungua, na hajui umebeba unga au redio. Proksi inaona jina la tovuti, saa, ukubwa wa data na kompyuta iliyoomba. Ukurasa gani, video gani, haioni. Kwa hiyo ombi la mkuu wa shule, la kutenganisha video ya kemia na video ya ngoma, haliwezi kutimizwa na proksi isiyofungua njia hiyo. (Shule inayotaka nafuu ya haraka inaweza kutumia DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kuelekeza YouTube kwenye anwani ya restrict.youtube.com ambayo Google yenyewe imeitoa. Inachuja kwa vigezo vya Google, si vya mwalimu, lakini ni bora kuliko kuzima kila kitu.)

Mbele ya ukuta huo, miradi ya proksi huria ilichagua njia tofauti. Mtunzaji wa Polipo, proksi ndogo iliyopendwa na waliotumia laini dhaifu, aliacha kuitunza mwaka 2016 akieleza kwamba kuenea kwa HTTPS kumeiondolea proksi ya kuhifadhi nakala sababu ya kuwepo. Naheshimu uamuzi ule. Ni mradi nadra unaotangaza waziwazi kwamba kazi yake imekwisha. Mingi hufa kimyakimya huku watu wakiendelea kuiweka kwenye seva zao.

Squid haikufunga. Iliongeza uwezo wa kufungua mawasiliano yaliyosimbwa, uliokuja na tawi (yaani mfululizo wa matoleo) la 3.1 mwaka 2010 na kuboreshwa katika 3.5 mwaka 2015. Proksi inajifanya ndiyo tovuti, inatengeneza cheti chake yenyewe, inasoma kila kitu, kisha inasimba upya kuelekea tovuti halisi. Ili kivinjari kisilalamike, kila kompyuta lazima iwekewe cheti cha mamlaka ya shule. Kwenye maabara yenye mashine 30 za shule hilo linawezekana. Kwenye simu za walimu zilizounganishwa na Wi-Fi hiyohiyo ni balaa, kwa kuwa programu nyingi za simu zinakataa vyeti vya kubandikwa, na fundi atashinda siku nzima akiulizwa kwa nini programu ya benki haifunguki.

Msimamo wangu hapa ni mkali. Kufungua mawasiliano ya watu wazima wanaotuma pesa na kusoma majibu ya hospitali ni jambo ambalo shule au ofisi haipaswi kulifanya kwa sababu tu programu inaruhusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na proksi inayosoma kila kitu inamgeuza fundi wa mtandao kuwa mshika siri za watu ambao hawakumpa ridhaa. Zaidi ya maadili kuna gharama ya uhandisi. Kipengele hiki hakijengwi mara moja kikaachwa. TLS 1.3, toleo la itifaki inayosimba HTTPS lililosanifishwa mwaka 2018, lilianza kuficha cheti cha seva ambacho proksi zilikuwa zikichungulia. Kuanzia mwaka 2023 Chrome na Firefox zikaanza kuweza kuficha hata jina la tovuti ndani ya salamu ya kwanza, jina ambalo proksi ya kunasa trafiki bila kivinjari kujua huitegemea. Kila badiliko la aina hiyo linakula saa za watunzaji wachache waliopo, na saa hizo zinatoka mahali pengine kwenye mradi.

Hilo la saa za watunzaji ndilo moyo wa suala, na mfano ulio wazi kuliko yote ni jinsi Squid ilivyoandikwa upya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waendelezaji waliamua kuihamisha kutoka lugha ya C kwenda C++. Sababu zilikuwa nzuri: msimbo ulikuwa umesukwa kwa namna ambayo kuongeza kitu kimoja kulivunja viwili, na walitaka muundo ambao wageni wangeweza kuuelewa. Ila kuandika upya programu inayotumika duniani kote hakusimamishi dunia. Tawi la 2 liliendelea kukua wakati tawi la 3 likijengwa. Squid 3.0 ilitangazwa imara Desemba 2007. Miezi michache baadaye, mwaka 2008, ikatoka 2.7 ikiwa na vitu ambavyo 3.0 haikuwa navyo.

Kimojawapo kiligusa nchi kama yetu moja kwa moja. Video moja ya YouTube ilikuwa ikitoka kwenye majina mengi ya seva, na anwani yake ilibadilika kila ilipoombwa. Kwa proksi ya kawaida, video iliyotazamwa mara 40 ilionekana kama vitu 40 tofauti, na ikavutwa mara 40. Squid 2.7 ilikuwa na uwezo wa kuzikunja anwani zote hizo kuwa jina moja la ndani, kwa hiyo nakala moja ikatosha. Kwa mtoa huduma mdogo mwenye laini nyembamba, huo ulikuwa muujiza. Lakini uwezo huo haukuhamishiwa kwenye tawi jipya. Ulirudi kwa sura nyingine katika 3.4, Desemba 2013.

Tazama pengo hilo vizuri: miaka mitano na ushee. Kwa miaka yote hiyo, fundi aliyehitaji kuhifadhi video alikuwa na chaguo mbili mbaya. Abaki kwenye 2.7, ambayo usalama wake ulizidi kuchakaa na ambayo haikujua IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, au ahamie kwenye 3 na kumweleza mwajiri kwa nini bili imepanda. Hakuna mtu aliyepanga kuwaumiza watu wa laini nyembamba. Walioandika msimbo walifanya kazi walizoweza au walizolipwa kuzifanya, na orodha ya vitu vya kuhamisha ilifuata mahitaji ya waliokuwepo mezani. Kwa nchi zenye laini za bei nafuu, kunakili video hakukuwa jambo la dharura. Kwetu lilikuwa ndilo jambo lenyewe.

Ndipo linakuja suala la kuondoa. Toleo lilelile la 3.0 lilikuja na uwezo unaoitwa ESI, wa kuunganisha vipande vya ukurasa ndani ya proksi. Ulikuwa ni kitu cha watu wa proksi ya nyuma, na haukupata watumiaji wengi. Mwaka 2024 ulizimwa katika ujenzi wa kawaida kutokana na dosari za usalama, na toleo la 7 la mwaka 2025 likauondoa kabisa. Gopher, itifaki ya mwaka 1991 iliyotangulia kuenea kwa wavuti, nayo iliondolewa katika toleo la 6 la mwaka 2023, baada ya kukaa humo miaka mingi bila wa kuiuliza.

Kwa nini kuondoa kulichelewa hivyo? Kwa sababu kila kipengele kina mtu mmoja mahali fulani anayekitegemea, na katika programu huria ni rahisi kusema "tuiache tu, haimdhuru mtu". Inadhuru. Oktoba 2023 mtafiti mmoja wa usalama alichapisha matokeo ya ukaguzi alioufanya mwaka 2021: dosari 55 ndani ya Squid, na 35 kati yake zilikuwa bado hazijapata tiba wakati anachapisha. Aliwatetea watunzaji, akisema wamemsaidia lakini ni wachache mno. Nadhani alikuwa sahihi. Kwenye matoleo ya kabla ya 6, msimbo wa Gopher ambao hakuna anayeutumia pale Kawangware bado uko ndani ya programu inayosikiliza mtandao pale Kawangware, na mshambuliaji hahitaji ruhusa ya mkuu wa shule kuujaribu. Kwa hiyo ninapoona tangazo la toleo jipya lenye orodha ndefu ya vitu vilivyofutwa, nafurahi kuliko ninapoona orodha ya vilivyoongezwa.

Miradi mingine imeweka mipaka yake mapema. Varnish, iliyotoka mwaka 2006 kama proksi ya nyuma ya gazeti la VG la Norway, ilikataa kuingiza usimbaji ndani ya programu yenyewe; mwandishi wake mkuu, Poul-Henning Kamp, alitaka kazi hiyo ifanywe na programu nyingine iliyokaa mbele. HAProxy ya Willy Tarreau, inayogawa mzigo kwa seva za nyuma, ina utaratibu ambao ningependa kuuona kila mahali: matoleo mawili kwa mwaka, lile la namba shufwa linatunzwa kwa miaka kadhaa, lile la witiri ni la kujaribia mambo na halidumu. Mtu anayesimamia seva anajua kabla ya kuanza ni toleo gani la kuliwekea dhamana.

Nginx, seva ya wavuti inayotumika pia kama proksi ya nyuma, inatufundisha jambo la umiliki. Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004, na mwaka 2019 kampuni ya F5 ikainunua pamoja na kampuni iliyokuwa nyuma yake kwa dola milioni 670. Msimbo ulibaki huria. Usukani ulihama. Februari 2024 mmoja wa waendelezaji wakuu, Maxim Dounin, alijitenga na kuanzisha freenginx baada ya kutofautiana na uongozi juu ya namna ya kushughulikia dosari za usalama kwenye sehemu ya HTTP/3 iliyokuwa bado ya majaribio. Leseni huria inakupa haki ya kuchukua msimbo na kuondoka nao. Haikupi kura ndani ya chumba cha maamuzi. Squid, kwa upande wake, iko chini ya wakfu usio wa kibiashara, na maamuzi yanafanywa na kikundi kidogo cha waendelezaji. Hapo hakuna mnunuzi wa kuogopa, ila hakuna mishahara ya uhakika pia.

Sasa kuna njia panda nyingine. HTTP/3, toleo la tatu la itifaki ya wavuti lililosanifishwa Juni 2022, halipiti juu ya TCP, njia ya kusafirisha data iliyozoeleka. Linapita juu ya QUIC, itifaki mpya zaidi inayotumia pakiti za UDP, njia nyingine ya kusafirisha data. Proksi ya mbele ya kizamani haina la kufanya nalo, na hadi toleo la 6 Squid haikuwa imepata hata HTTP/2 ya kwake. Kwa sasa mambo yanakwenda kwa sababu kivinjari kilichoelekezwa kwenye proksi hurudi kwenye njia ya zamani ya CONNECT. Agosti 2022 ulitoka usanifu unaoruhusu proksi kupitisha UDP pia, na huenda huko ndiko mambo yataelekea. Mradi wenye watu wachache lazima uchague: wajenge hilo, au wamalize kusafisha msimbo wa zamani? Jibu langu ni usafishaji kwanza. Shule ya Nairobi haipotezi kitu kikubwa kwa kukosa HTTP/3 kwenye proksi leo. Inapoteza kila kitu ikiwa proksi yenyewe ndiyo mlango wa kuingilia.

Kinachobaki chenye faida kwa proksi ya mbele, kwa maoni yangu, ni udhibiti na hesabu: nani, saa ngapi, tovuti gani kwa jina, data kiasi gani, na kugawana laini kwa haki ili darasa moja lisimeze intaneti ya shule nzima. Hayo yote yanafanyika bila kufungua mfuko wa mtu. Kuhifadhi nakala nako hakujafa kabisa, maana vifurushi vya programu vya mifumo huria ya kompyuta ya Debian na Ubuntu bado husambazwa kwa HTTP ya wazi vikiwa na sahihi yake ya kidijitali, na mashine 30 za maabara zinazosasishwa siku moja zinaweza kuvuta kila kifurushi mara moja tu. Siku nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024 na intaneti ikawa ya kuvizia, nakala ya namna hiyo haikuwa anasa.

Kama tunataka mahitaji hayo yaingie kwenye mpango, malalamiko kwenye kikundi cha WhatsApp cha mafundi hayatoshi. Watunzaji wanasukumwa na kitu wanachoweza kukiona kikitokea mbele yao. Na hapa mafundi wengi wa huku hukwama mapema kwa jambo dogo: toleo. Ubuntu 22.04 inakuja na Squid ya 5, 24.04 inakuja na ya 6. Ukiripoti hitilafu ya tawi ambalo mradi umeshaacha kulitunza, utajibiwa ujaribu toleo la sasa, na wengi huchukulia jibu hilo kama dharau na kunyamaza. Si dharau. Watu wachache hawawezi kuchunguza matawi manne.

Ripoti inayosikilizwa inataja toleo kamili, inaambatanisha faili la mipangilio lililopunguzwa mpaka mistari michache ambayo bado inaleta hitilafu, inaonyesha mistari ya kumbukumbu ya dakika ile ile baada ya kuficha majina ya watumiaji, na inaeleza laini ikoje: nyembamba, inakatika, inachelewa. Hilo la mwisho ndilo mchango ambao sisi tunaweza kuutoa kuliko mtu anayejaribu programu kwenye kituo cha data cha Frankfurt, kwa sababu hitilafu nyingi za muda wa kusubiri hazijitokezi kwenye laini nzuri.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo kwenye kalenda ya shule yenyewe. Likizo ya Aprili maabara iko tupu. Proksi ya kazi inabaki kwenye poti 3128 ya kawaida, toleo la majaribio linawashwa kwenye mashine ya pili, vivinjari vitano vinaelekezwa huko, na kumbukumbu zinaachwa zijae mpaka wiki ya kufungua.